Shokapu za mbele zimetoka servisi na bado zinagonga: pima hivi kabla hujazifungua tena

Bwana shamba mmoja wa Kalinzi alinirudishia pikipiki yake, Yamaha DT 125, siku nne tu baada ya kumbadilishia oili na sili za shokapu za mbele. "Fundi, nikishuka mlima nikikamata breki ya mbele, kuna kitu kinanigonga mikononi, ko, ko." Nikaangalia: oili haivuji, shokapu zinapanda na kushuka bila kukwama.

Hapa Mwanga, Kigoma, nimeona mafundi wengi wakisikia maneno hayo wanakimbilia kufungua shokapu upya. Oili mpya inamwagwa, mteja ananunua bushi, na pikipiki inaondoka ikigonga vilevile. Kinachocheza kinaweza kuwa ekseli, beringi za tairi, gololi za stelingi au bushi za shokapu, yaani zile pete ambazo bomba linateleza ndani yake. Mjue kwanza ni yupi.

1. Inua tairi la mbele

Weka gogo chini ya fremu, si chini ya eksozi, tairi la mbele lining'inie. Mimi natumia kipande cha mninga. Kreti la soda silitaki: linabonyea, pikipiki inayumba, nawe utadhani ni shokapu inayocheza. Stendi ya pembeni haifai kabisa kwa kazi hii.

2. Tairi

Mkono mmoja ukamate mguu wa shokapu, mwingine usukume tairi kwa ubavu. Tairi likicheza na mguu umetulia, ni beringi au ekseli haijakazwa.

3. Stelingi

Hapa usiwe na haraka. Chuchumaa mbele ya pikipiki, kamata miguu yote miwili ya shokapu karibu na ekseli, vuta kwako, sukuma nyuma. Utahisi mgongano, lakini mikono yako haiwezi kukuambia unatoka wapi, kwa sababu gololi zilizolegea na bushi zilizokwisha zinafika mikononi kwa namna moja. Mwite mtu aweke kidole kwenye mwanya kati ya kibano cha chini (vibano ni vile vipande viwili, cha juu na cha chini, vinavyoshika mabomba ya shokapu) na shingo ya fremu, nawe uendelee kuvuta na kusukuma. Mwanya ukifunguka na kufunga chini ya kidole, ni stelingi. Kidole kisiposikia kitu, akihamishie pale bomba linapoingia kwenye mguu wa shokapu. Pakitikisika hapo, ni bushi.

Kwa bwana shamba kidole kilisema stelingi. Nikakaza nati kubwa ya juu. Bado. Nikakaza mpaka spana ikalia. Bado. Kuanzia alasiri hadi magharibi nilikuwa na nati hiyo moja, na nusura nishushe stelingi nzima. Mwisho nikachukua kipande cha vocha ya simu, nikakipitisha chini ya kibano cha juu, kati yake na ile nati ya duara yenye makato inayobana gololi. Kikapita bila kugusa popote.

Kosa lilikuwa langu, siku ya servisi. Niliporudisha shokapu nilianza kukaza bolti za kibano cha juu. Kibano kikishayang'ang'ania mabomba hakishuki tena, hata ukaze nati kubwa namna gani. Kinabaki kimening'inia juu ya nati ya duara bila kuikandamiza, nayo inabaki na ulegevu kwenye nyuzi zake, na barabara ya makorongo inaizungusha kidogo kidogo.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu. Bolti za kibano cha chini ziache zimekaza. Legeza za kibano cha juu, kisha nati kubwa. Kaza nati ya duara mpaka stelingi iache kucheza, zungusha usukani mwisho hadi mwisho mara kadhaa ili gololi zikae, halafu nati hiyo irudishe nyuma kidogo sana. Kaza nati kubwa, na bolti za kibano cha juu ziwe za mwisho. Pima upya, maana nati kubwa nayo inaongeza mkandamizo. Usukani ukiwa katikati, uguse kwa kidole: uanguke wenyewe kushoto na kulia, kama waya hazijauvuta. Ukiwa mzito, umekaza kupita kiasi. Ukinasa katikati kama umeingia kwenye kishimo, bakuli za gololi zimeliwa. Badilisha, kukaza hakutasaidia.

Nati ya duara ina spana yake ya ndoano. Tafadhali, acheni tindo na nyundo. Makato yakishaharibika, fundi anayefuata hana pa kushika.

4. Bushi

Shokapu ikiwa imenyooka yote, kucheza kidogo ni kawaida, kwa kuwa bushi ya juu na ya chini zimekaribiana. Funga kamba kutoka kwenye usukani hadi ekseli, ibonyee kama sentimita 5, pima tena. Ikitulia, bushi ni nzima. Ikiendelea kucheza, ndipo ufungue. Bushi iliyokwisha utaiona rangi ya shaba imejitokeza pale palipokuwa na ngozi ya kijivu. Pikipiki nyingine ndogo za zamani hazina bushi ya kubadilisha, bomba linateleza kwenye mguu moja kwa moja. Hapo kilicholika ni bomba au mguu wenyewe.

5. Ekseli

Kaza nati ya ekseli, shusha pikipiki, kamata breki, bonyeza shokapu mara 5 au 6 ili miguu ijipange. Kama kuna bolti ndogo za kubana ekseli, zikaze baada ya hapo, si kabla.

Kisha nenda mteremko halisi, mwendo mdogo, ukikamata na kuachia breki ya mbele. Kama uliweka gololi mpya, mwambie mwenye pikipiki airudishe baada ya wiki moja ya kazi, umpimie tena kwa kidole, kwa sababu gololi mpya hukaa na kuacha nafasi.