Namna ya Kupanda na Kutunza Scadoxus Bustanini

Katika nchi zenye majira manne, Scadoxus multiflorus, mmea wa maua unaoota kutokana na tunguu (sehemu nene ya chini ya ardhi inayofanana na kitunguu), huchanua majira ya joto, lakini kwetu Afrika Mashariki, ambako huota porini chini ya miti na vichaka, huchanua mvua zinapoanza. Kichwa chake cha mviringo hubeba makumi ya maua madogo mekundu, wakati mwingine yakikaribia 200, na stameni zake (nyuzi za kiume za ua) ndefu zenye ncha za manjano hukifanya kionekane kwa mbali kama ua moja kubwa.

Tunguu lipandwe mwishoni mwa kiangazi, kabla halijachipua. Chagua mahali penye kivuli chepesi au panapopata jua la asubuhi peke yake, kwa kuwa jua kali la mchana huunguza majani. Changanya udongo tifutifu na mboji iliyooza vizuri. Palipo na mfinyanzi, ongeza mchanga na uinue tuta, kwani maji yakituama tunguu huoza. Lifukie hadi shingo yake ilingane na uso wa udongo, kisha umwagilie kwa kiasi mpaka chipukizi litokeze.

Mara nyingi bua la ua, lililojaa madoadoa ya zambarau sehemu ya chini, hutangulia majani. Maua yakishanyauka, usiyakate majani hata kama bustani haipendezi tena, kwa maana ndiyo yanayolilisha tunguu kwa ajili ya mwaka ujao.

Kazi ngumu zaidi ni kuliacha lipumzike. Majani yakigeuka manjano na kukauka, acha kabisa kumwagilia, chomeka kijiti mahali hapo ili jembe lisije likalikata tunguu, na vyungu uvihamishie barazani visipate mvua. Wengi hudhani mmea umekufa, wakazidisha maji, na hapo ndipo unapokufa kweli. Usilifukue kila mwaka pia, kwa sababu mizizi ikisumbuliwa, maua huweza kukosekana msimu unaofuata.

Mmea huu una sumu, na katika sehemu kadhaa za Afrika umetumika kutia sumu mishale na kuvulia samaki. Kwa kuwa tunguu lake hufanana na kitunguu, lisihifadhiwe jikoni kamwe. Vaa glovu unapolishika, na uwazuie watoto na mbuzi wasiufikie.

Ukitaka miche zaidi, subiri matunda yaive na kuwa mekundu, ondoa nyama yake, kisha uzipande mbegu kabla hazijakauka, juujuu tu kwenye udongo wenye unyevu. Miche hiyo huchukua miaka mitatu au zaidi kabla ya kutoa ua la kwanza.