SOMO: Mfumo wa mmeng'enyo wa chakula, kiungo kwa kiungo

Wakuu, leo tuingie tumboni. Watu wengi ukitaja mmeng'enyo wa chakula wanawaza tumbo tu, wakati tumbo lina sifa kubwa kuliko kazi yake. Shughuli yenyewe iko mbele, kwenye utumbo mwembamba.

Hatua ya 1: Mdomo. Tafuna kipande cha mkate kwa dakika moja hivi bila kumeza. Utaanza kusikia utamu ambao mwanzo haukuwepo. Ni amilesi hiyo, kimeng'enya kilichomo kwenye mate, inakata wanga kuwa sukari. Anayebugia chakula ajue huko chini hakuna meno mengine.

Hatua ya 2: Umio. Ukimeza, kidakatonge hufunika njia ya hewa, tonge linaingia kwenye bomba la misuli lenye urefu wa kama sm 25. Misuli inabana nyuma ya tonge na kulegea mbele yake, kwa hiyo hata ukimeza kichwa kikiwa chini litafika.

Hatua ya 3: Tumbo. Asidi na kimeng'enya kiitwacho pepsini huanza kuvunja protini, huku misuli ikikoroga mpaka chakula kiwe uji mzito. Kuna kisa cha Alexis St. Martin, aliyepigwa risasi mwaka 1822 akapona lakini tumbo likabaki na tundu. Daktari wake, William Beaumont, alikuwa anafunga vipande vya chakula kwa uzi, anavitumbukiza humo, kisha anavivuta kutazama vimelika kiasi gani. Mengi tunayoyajua kuhusu tumbo yalianzia kwenye tundu lile.

Hatua ya 4: Utumbo mwembamba. Hapa tulieni. Ni kama mita 6, na uji wa tumboni unaingia kidogo kidogo kupitia duodeni, yaani sehemu ya kwanza ya utumbo huo. Kongosho linamimina bikaboneti ya kuzima asidi, pamoja na vimeng'enya vya wanga, protini na mafuta. Ini nalo linaleta nyongo. Nyongo si kimeng'enya: inayagawa mafuta kuwa matone madogo sana ili lipesi, kimeng'enya cha mafuta kutoka kongosho, ipate pa kushika. Kisha ukuta, wenye vinyweleo (vijitokezo vidogo sana kama nyuzi) visivyohesabika, unafyonza. Sukari na amino asidi (vipande vya protini) zinaingia kwenye damu na kupita kwanza kwenye ini. Mafuta mengi yanapitia mishipa ya limfu.

Hatua ya 5: Utumbo mpana. Unafyonza maji na chumvi zilizobaki, na bakteria wake wanachachua nyuzinyuzi. Ukipitisha uchafu haraka mno unaharisha, ukichelewa sana choo kinakuwa kigumu.

MASWALI

*Mwalimu, kama asidi ni kali hivyo, mbona haili tumbo lenyewe?*

Ukuta umepakwa ute mzito wenye bikaboneti, na seli zake za juu hubadilishwa kila baada ya siku chache. Ulinzi huo ukivunjika ndipo vidonda vinapotokea. Wahusika wakuu ni bakteria Helicobacter pylori na dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofen, zikitumiwa sana. Zamani lawama zilibebeshwa mawazo na pilipili. Daktari Barry Marshall akanywa bakteria hao mwenyewe mwaka 1984, ukuta wa tumbo lake ukavimba. Mwaka 2005 yeye na mtafiti mwenzake, Robin Warren, wakapewa Tuzo ya Nobel kwa ugunduzi huo wa bakteria.

*Mkuu, mama ametolewa kifuko cha nyongo. Ataweza kula mafuta?*

Ataweza. Nyongo inatengenezwa na ini, kifuko ni ghala tu. Sasa inachuruzika moja kwa moja utumboni, ila haipo akiba ya kumwaga kwa mkupuo, ndiyo maana wengine huharisha wakila mafuta mengi kwa wakati mmoja. Pole kwa mama, apunguze kiasi mwanzoni.

*Tumbo likinguruma ni njaa?*

Si lazima. Ni hewa na majimaji vinasukumwa na misuli. Usipokula kwa muda, takriban kila dakika 90 hadi 120 linapita wimbi la kufagia mabaki, na kwa kuwa ndani ni patupu, sauti inasikika hadi kwa jirani.