Kujenga taharuki katika sini ya dakika tatu, hatua kwa hatua

Filamu fupi ya kwanza niliyohariri ilikuwa na muuaji, kisu, giza na ngoma nzito. Watu walicheka. Muuaji alichomoza ghafla mlangoni, na hakuna aliyekuwa akijua kwamba chumba kile kina mlango upande ule. Nilikuwa nimewaficha watazamaji kila kitu nikidhani kuficha ndiko kutisha, kumbe nilikuwa nimewanyima sababu ya kuogopa.

Mwongozo huu ni wa kutengeneza sini moja ya taharuki, yaani tukio moja la filamu, yenye urefu wa dakika tatu hivi. Unahitaji kamera moja, waigizaji wawili, na nyumba yenye chumba, korido na bafu. Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Dada mmoja ameingia chumbani kwa shemeji yake kutafuta bahasha iliyofichwa kwenye droo. Shemeji anaoga, maji yanasikika. Basi, hadithi ni hiyo tu. Ukishaizoea mbinu, badilisha bahasha iwe simu, barua au bastola, upendavyo.

Hatua ya 1: Andika nani anajua nini

Kabla hujashika kamera, chukua karatasi uigawe safu tatu: mtazamaji, dada, shemeji. Katika kila safu andika kile mhusika anachokijua, dakika kwa dakika.

Ikiwa mtazamaji na dada hawajui lolote, mlango ukifunguka utapata mshtuko. Mshtuko ni mtamu, ila unakwisha ndani ya sekunde mbili. Ikiwa shemeji ana siri ambayo wao wawili hawana, umepata fumbo: mtazamaji atakuna kichwa, lakini jasho halitamtoka. Taharuki huanza pale mtazamaji anapojua zaidi ya dada.

Kwa hiyo tuuchafue mfano wetu. Shemeji amefungua maji, kisha amekumbuka kwamba hana taulo. Anatoka bafuni akiyaacha maji yanatiririka, na mtazamaji anamwona akitoka. Dada, ambaye kichwa chake kimo ndani ya droo, anayasikia maji na kuamini kwamba muda bado anao. Safu ya shemeji ni tupu: hajui kama kuna mtu chumbani, anataka taulo tu. Usimfanye amshuku dada. Mtu asiye na habari, anayekuja taratibu huku akipiga mluzi, anatisha kuliko anayekuja mbio na panga mkononi.

Karatasi hii ikiwa haijakaa sawa, usiendelee. Hakuna lenzi itakayokuokoa mbele ya safari.

Hatua ya 2: Weka saa, kisha iharibu

Taharuki inataka muda unaokwisha, na muda huo si lazima uonekane kwenye saa ya ukutani. Katika filamu ya Notorious ya mwaka 1946, mwongozaji Alfred Hitchcock alitumia chupa za shampeni. Wageni wanakunywa karamuni, chupa zinapungua, na zikikaribia kwisha mwenye nyumba atalazimika kushuka ghalani kuchukua nyingine. Humo ghalani ndimo mkewe na jasusi mmoja wanamopekua kwa ufunguo ulioibwa. Kila mgeni anayeinua glasi anaisogeza saa mbele, na wala hajui.

Saa yetu ni maji. Dakika ya kwanza, mfundishe mtazamaji kanuni ya mchezo. Dada anatega sikio kwenye mlango wa bafu, anasikia maji, anaingia chumbani. Maji yakipungua, anaganda. Yakirudi, anaendelea kupekua. Fanya hivyo mara mbili, inatosha. Sasa kila mtu ameamini kwamba maji ni usalama, na hapo ndipo unapoonyesha bafu tupu, maji yakipiga sakafu. Shoti hiyo, yaani kipande hicho kimoja cha picha kisicho na mkato, ndiyo moyo wa sini nzima. Kamera itulie tuli, asiwepo mtu, sekunde tatu kamili.

Hatua ya 3: Tembeza mtazamaji ndani ya nyumba

Hatua hii huwa inarukwa, na ndiyo iliyoniponza kwenye filamu ile ya kwanza. Mtazamaji asiyejua umbali kati ya bafu na chumba hawezi kuzihesabu hatua za shemeji. Kabla hatari haijaanza, piga shoti moja pana inayomfuata dada: anapita koridoni, mlango wa bafu, mlango wa chumba. Anapourudisha mlango wa chumba nyuma yake, tuone taulo limening'inia kwa ndani ya mlango huo. Yeye asilitazame. Sisi tulione tu, kama kitu kisicho na maana.

Baada ya hapo linda mstari wa digrii 180: mstari wa kufikirika unaopita kati ya wahusika, ambao kamera hubaki upande wake mmoja tu. Kama chumbani mlango uko kushoto kwa fremu, hatua za shemeji koridoni zielekee kulia. Ukiuvuka mstari mtazamaji atapotea, na mtu aliyepotea haogopi, anakereka.

Hatua ya 4: Kamera ikae wapi

Kwa dada, tumia lenzi ndefu kiasi, milimita 85 kwa mfano, usawa wa macho yake. Lenzi hiyo itaufifisha mlango ulio nyuma yake: umbo linaonekana, lakini huwezi kuapa kama umesogea au haujasogea. Kisha usimweke katikati. Msukume pembeni mwa fremu uache nafasi tupu upande wa mlango. Jicho la mtazamaji litaanza lenyewe kulinda zamu upande ule. Hujamwonyesha kitu bado, na tayari amekodoa macho.

Kwa shemeji, geuza mambo. Lenzi pana, milimita 24 hivi, kamera karibu na sakafu, nyayo zenye maji zikija mbele. Lenzi pana huzidisha mwendo wa kitu kinachokuja kwenye kamera, kwa hiyo hata akitembea kivivu ataonekana anakaribia upesi. Uso wake usionekane kabisa.

Jina la Hitchcock linarudi tena, nivumilie. Katika The Birds ya mwaka 1963 kuna mwanamke ameketi kwenye benchi nje ya shule anavuta sigara, na watoto wanaimba darasani. Nyuma yake kuna vyuma vya watoto kuchezea. Kunguru mmoja anatua. Tunarudi kwa mwanamke. Kunguru wanaongezeka. Tunarudi kwa mwanamke. Halafu kamera inamng'ang'ania yeye tu, inakataa kutuonyesha vyuma, na watoto wanaendelea kuimba wimbo wao. Hatimaye anamfuata kwa macho kunguru mmoja anayeruka angani, anageuka, na vyuma vimejaa weusi. Mimi nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri, na kila mara roho inanidunda pale ambapo kunguru hawaonekani.

Nasi tufanye hivyo hivyo. Baada ya shoti ya bafu tupu na nyayo mbili tatu koridoni, rudi kwa dada ukae naye. Usimwonyeshe tena shemeji, hata kama mkono unakuwasha.

Hatua ya 5: Mwanga

Nitapita haraka. Giza totoro linachosha macho, na kamera nyingi ndogo huijaza picha chengachenga mwanga ukipungua sana. Chumba kiwe na mwanga hafifu wa dirishani, na korido iwe na taa inayopenyeza mstari mwembamba chini ya mlango. Kivuli cha miguu miwili kikikata mstari huo, umemaliza kazi ya mwanga.

Hatua ya 6: Uhariri

Kwenye taimulaini, yaani mstari wa muda wa programu ya kuhariria, utakuwa na nyuzi tatu: mikono ya dada ndani ya droo, nyayo za shemeji, na maji. Kila mtu anajua kwamba hatari ikikaribia mikato inafupishwa: sekunde sita, nne, tatu, mbili. Sawa, fanya hivyo. Lakini mtazamaji wa leo ameuzoea mwendo huo, anajua ukifika kasi ya juu kutalipuka. Kwa hiyo ukifika kwenye sekunde mbili, acha kukata. Weka shoti moja ya dada ya sekunde 12 bila mkato. Ataanza kujiuliza kwa nini hukati, na swali hilo litafanya kazi ambayo mikato 10 isingeweza.

Mbinu ya pili ni kuurefusha muda. Kufungua droo kunachukua sekunde mbili katika maisha ya kawaida. Kata kutoka mkononi kwenda usoni, kisha ukirudi mkononi rudi fremu nane hivi nyuma ya ulipoachia. Kwa fremu 24 kwa sekunde, hiyo ni theluthi ya sekunde. Jicho halitaikamata, ila mwili utahisi droo ni nzito. Usilewe na mbinu hii. Niliwahi kuirefusha safari ya mtu koridoni hadi mtazamaji mmoja akaniuliza kama nyumba ile ni kituo cha reli.

Ya tatu ni kudanganya kwa mkato sambamba. Ukionyesha mahali pawili kwa kupokezana, mtazamaji anaamini kwamba panahusiana. Katika The Silence of the Lambs ya mwaka 1991, maafisa wanaizingira nyumba na kubonyeza kengele. Ndani, muuaji anaisikia kengele. Anafungua mlango, na aliyesimama nje ni mpelelezi mwanamke ambaye bado yuko mafunzoni, peke yake. Maafisa wako kwenye nyumba nyingine kabisa. Hakuna aliyetamka uongo, mikato ndiyo iliyodanganya. Uongo wa aina hii unasamehewa mara moja katika filamu nzima, si mbili.

Hatua ya 7: Sauti

Nikiambiwa nichague kati ya kamera nzuri na maikrofoni nzuri kwa sini ya namna hii, nachukua maikrofoni bila kufikiri mara mbili.

Rekodi maji mara tatu: ndani ya bafu, koridoni, na chumbani mlango ukiwa umerudishwa. Usirekodi mara moja ukategemea kupunguza sauti baadaye. Maji yanayosikika kupitia ukuta hupoteza sauti za juu na kubaki na mngurumo, na sikio linaitambua tofauti hiyo hata kama mwenye sikio haitambui. Shemeji anapofungua mlango wa bafu, maji yatasikika waziwazi kwa sekunde moja. Dada angeweza kuyasikia na kujua. Weka mkwaruzo wa droo juu ya sekunde hiyo hiyo, na sisi tutauma meno kwa niaba yake.

Rekodi pia ukimya wa chumba, walau sekunde 30, watu wote wamenyamaza. Ukikata sauti zote hadi sifuri, mtazamaji atadhani spika imekufa.

Muziki uwe mchache. Steven Spielberg na mtunzi John Williams walifanya jambo la werevu katika Jaws ya mwaka 1975. Noti mbili za muziki wa filamu hiyo zinasikika papa muuaji anapokuwepo kweli. Watoto wanapowatania watu kwa pezi bandia, muziki haupo. Mtazamaji anajifunza kanuni hiyo bila kufundishwa. Baadaye papa anachomoza nyuma ya mashua bila noti hata moja. Sisi tunafanya vivyo hivyo kwa maji, ndiyo maana siweki muziki wowote kwenye sini hii.

Hatua ya 8: Kufungua fundo

Dada anapata bahasha. Anasikia mluzi, karibu. Hakuna pa kwenda, anajibanza nyuma ya mlango. Na nyuma ya mlango kuna nini? Taulo, na sisi tunalikumbuka. Mlango unasukumwa kidogo. Mkono wenye maji unaingia, unapapasa kiganja kimoja kutoka usoni pake, unalikamata taulo, unatoka. Mluzi unarudi koridoni.

Asikamatwe. Umembana mtazamaji kwa dakika tatu, mpe pumzi. Mwaka 1936, katika Sabotage, Hitchcock alimtuma mtoto na bomu asilolijua, akatuchelewesha naye njiani, kisha akaliacha bomu limlipue. Watazamaji walikasirika, na miaka mingi baadaye alimkiria mwongozaji Mfaransa François Truffaut kwamba lilikuwa kosa.

Hatua ya 9: Jaribu kwa watu

Tafuta watu watatu ambao hawajasoma mswada. Wakae watazame, nawe ukae ukiwatazama wao, si skrini. Andika sekunde ambayo mtu ameshika simu, na sekunde ambayo mwingine ameacha kutafuna.

Nilipoijaribu sini hii ya taulo, wa kwanza aliushika mkono wa kiti tangu bafu lilipoonekana tupu, akauachia mluzi uliporudi koridoni. Wa pili alimwambia dada kwa sauti, “Toka hapo wewe!” Wa tatu alitulia tu, kisha akauliza kwa nini yule bwana ameyaacha maji yanamwagika bure. Alikuwa sahihi: mimi nilijua habari ya taulo, karatasi yangu ilijua, ila hakuna shoti iliyokuwa imemwambia yeye. Nikarudi siku iliyofuata nikapiga moja ya sekunde mbili, mkono ukipapasa msumari mtupu ukutani bafuni.