Somo: Kufunga vichwa vya RJ45 kwenye kebo ya mtandao bila kuvunja jozi

Swali la "testa imewaka taa zote, mbona mtandao unasuasua" (testa ni kifaa cha kupimia kebo) limejibiwa mara nyingi mno, nami nimechoka kulijibu vipande vipande. Kwa hiyo naliandikia somo kamili, na atakayeliuliza tena nitamwelekeza hapa.

Andaa kebo ya Cat5e au Cat6 (madaraja ya kebo ya mtandao yenye jozi nne za nyaya), vichwa vya RJ45 (plagi za plastiki zenye pini nane), koleo la kubania na testa. Chagua kebo ya shaba tupu, kwa sababu ile ya alumini iliyopakwa shaba hukatika upesi na hupata joto inapobeba pia umeme wa kuwashia kamera.

Hatua ya 1. Pima na ukate. Urefu wote usizidi mita 100.

Hatua ya 2. Chuna ganda la nje kiasi cha sentimita 3 bila kukwaruza nyaya za ndani.

Hatua ya 3. Kichwa kikiwa kimelaza ulimi wake (ule unaobonyezwa kukichomoa) chini na tundu la kuingizia nyaya likikuelekea, panga kutoka kushoto kwa mpangilio sanifu wa rangi uitwao T568B: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia.

Tafadhali usiipite hatua hii haraka. Nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, yaani jozi, hubeba ishara moja kwa namna ya kinyume, na msokoto huo ndio unaofanya kelele inayoziingia zote mbili ijifute yenyewe. Vifaa husoma pini (miguso ya chuma ya kichwa, ikihesabiwa kutoka kushoto) ya 3 na ya 6 kama jozi moja, ndiyo maana kijani kinairuka buluu. Ukipanga jozi kwa kufuatana, yaani 3 na 4, kisha 5 na 6, na ukarudia hivyo hivyo upande wa pili, testa ya taa itawaka kutoka 1 hadi 8 bila kasoro, kwa kuwa inapima tu kama waya umefika. Lakini ishara ya pini ya 3 na ya 6 itakuwa imegawanywa kwenye misokoto miwili tofauti, na kebo ikiwa ndefu utapata makosa na kukatikakatika kusikoelezeka. Tena, usifungue msokoto zaidi ya milimita 13.

Hatua ya 4. Kata ncha zilingane, sukuma hadi ziguse ukuta wa mbele, na uhakikishe ganda la nje limeingia chini ya kibano cha kichwa, la sivyo kila mvuto utazibeba nyaya zenyewe.

Hatua ya 5. Bana kwa nguvu, rudia upande wa pili, kisha pima.

MASWALI

Swali: Naomba mpangilio wa rangi tu.
Jibu: Hatua ya 3.

Swali: Mimi hupanga jozi kwa kufuatana na intaneti inafika. Huoni unatutisha bure?
Jibu: Sikusema haitafika. Kebo fupi huvumilia mengi. Ivute mita 40 kisha uhesabu makosa kwenye swichi ya mtandao, ndipo tujadiliane.

Swali: Nimefuata kila hatua, lakini kompyuta inaonyesha megabiti 100 badala ya 1000.
Jibu: Kasi ya 100 hutumia pini za 1, 2, 3 na 6 peke yake, ilhali ile ya 1000 huhitaji jozi zote nne. Kagua 4, 5, 7 na 8, na uhakikishe ruta yenyewe inafika 1000.

Swali: Samahani mwalimu, kwa nini jozi ya buluu imewekwa katikati, na T568A ina tofauti gani?
Jibu: Swali zuri. Simu za mezani zilitumia pini za katikati, hivyo jozi ya kwanza, yaani ya buluu, ikabaki hapo ili nyaya za jengo zifae kazi zote mbili. T568A hubadilishana tu nafasi za chungwa na kijani. Zamani, kebo ya kuunganisha kompyuta mbili moja kwa moja ilifungwa A upande mmoja na B upande mwingine. Siku hizi vifaa vingi hujirekebisha vyenyewe.

Mchango: Wanaotumia kofia za mpira wazivishe kwenye kebo kabla ya kubana, kwani baadaye hazipiti.
Jibu: Kweli kabisa. Nami naongeza kwamba kebo ikilazimika kukutana na waya wa umeme, zipishane kama msalaba, zisilale sambamba.