Cheki kituo chako cha kupigia kura mapema, na ujue mpaka chumba

Kwanza acha kukisia. Wengi wanaamini kituo chao ni pale walipopiga kura mara ya mwisho ama pale karibu na wanapokaa sasa hivi, na yote mawili yanaweza yasiwe kweli. Kenya na Tanzania unapiga kura pale ulipojiandikisha, hata kama ulishahama na kuna kituo kingine mlangoni kwako kabisa. Marekani na Uingereza wao wanaangalia anwani uliyoandikishwa nayo, kwa hiyo ukihama usibadilishe unahesabika bado wa kule kule. Halafu kuna hili watu hawalifikirii, mipaka ikichorwa upya kituo kinahama wewe hujahama.

Kuangalia ni kazi ya dakika chache. Shika kitambulisho kile kile ulichojiandikishia, ingia tovuti ya tume ya uchaguzi ya nchi yako, na tafadhali anwani ya tovuti iandike mwenyewe, usibonyeze linki uliyoforwadiwa kwenye grupu maana kuna kurasa feki zinazochota namba za vitambulisho vya watu. Kama huna intaneti ulizia kama tume ina namba ya meseji, ama nenda ofisi yao iliyo karibu, ama kasome majina yakishabandikwa kituoni. Uingereza unatumiwa kadi kwa posta na kituo kimeandikwa humo.

Sasa jibu likija usisome jina la shule ukafunga simu!! Hapa ndipo watu wanapoumia. Kwa mfano Kenya sheria inasema kituo kimoja kisizidi wapigakura 700, kwa hiyo shule moja kubwa inaweza kuwa na vituo kumi ndani yake, kila darasa na daftari lake, na majina mara nyingi yamegawanywa kwa alfabeti. Mimi nilishawahi kupanga foleni karibu masaa matatu, nafika mbele karani anatafuta jina halipo, kumbe niko darasa la mwisho kule nyuma, nikaanza foleni upya. Kina mama wawili waliokosea kama mimi walikata tamaa wakaenda zao nyumbani, kura zao zikapotea hivyo hivyo, na mpaka leo inaniuma. Kwa hiyo andika jina la kituo, namba yake na chumba, piga skrinshoti, na uandike kwenye karatasi pia maana simu inazima chaji.

Jina lisipotokea usikae nalo mpaka siku yenyewe. Jaribu tena, hakikisha tarakimu hazijarukwa, ikigoma nenda ofisi ya tume na kitambulisho chako wakati marekebisho bado yanapokelewa, daftari likishafungwa hapo ni vigumu sana. Marekani angalau sheria ya 2002 inakuruhusu kupiga kura ya muda ambayo inakaguliwa baadaye kabla ya kuhesabiwa, ila nchi nyingi huna hiyo nafasi ya pili.

Ukipata siku pita pale kituoni kwa miguu uone geti liko wapi na kunachukua muda gani kufika. Na kama nyumbani kuna bibi ama mzee asiyejua mambo ya simu, kaa naye na kitambulisho chake umcheki na yeye, leo hii.