Namna ya kumsimulia mtu bifu la ndugu wa York mpaka limuingie, kwa maharage tu

Kamwene wapendwa. Baridi ya Iringa ya mwezi wa saba ikishakusogeza karibu na jiko la mkaa, hapo ndo pazuri pa kumuelezea mtoto au hata mtu mzima jinsi Edward mfalme wa Uingereza alivomuua George, mdogo wake wa tumbo moja, mwaka 1478. Mi nimewasimulia wadogo zangu na watoto wa jirani mara nyingi, na nilichokiona ni kwamba ukianza na vita umeshawapoteza, kila mtu Edward, kila mtu Richard, nani atakumbuka. Anza na ndoa na mirathi, vita vitajileta vyenyewe.

Kabla haujachambua maharage ya kesho toa pembeni ya njano machache, hao York, na mekundu machache, hao Lancaster, koo mbili zilizokuwa zinagombea kiti cha ufalme wa Uingereza, alafu tafuta mawili meupe uyaweke peke yake. Hayo meupe ni Isabel na Anne, mabinti wa tajiri mmoja anaitwa Warwick ambaye hakuwa na mtoto wa kiume, kwahiyo mali yake yote kubwa inasubiri wakwe. Usiyapoteze, stori yote imebebwa na hao wadada wawili.

Panga ya njano kwa umri. Baba yao aliuawa vitani Wakefield Desemba 1460 pamoja na mtoto wake Edmund, wakabaki Edward, George na Richard, na mama yao Cecily. Edward akawa mfalme 1461. Hapa sema kwa majina ya kwetu: Warwick ni mtoto wa mjomba wao, yani binamu, na ndo aliyempigania Edward mpaka akakaa kwenye kiti. Alafu 1464 Edward akaoa kwa siri mjane mwenye watoto wawili, Elizabeth Woodville, na ukoo wa mke ukaanza kupewa vyeo na ndoa nzuri nzuri, binamu akaumia sana.

Sasa sogeza George. Mfalme alimkataza kumuoa Isabel ila akavuka bahari na mkwe wake wakafungia ndoa Calais Julai 1469, kisha wakamgeuka kaka mtu, na 1470 Warwick akamrudisha Henry wa Sita wa Lancaster. Muulize msikilizaji wako: George kapata nini hapo? Hakuna, kiti kimeenda kwa mwingine. Ndo maana 1471 akarudi kwa kaka yake na akasamehewa, Warwick akafia vitani Barnet Aprili mwaka huohuo. Vita vya Tewkesbury, ambako York waliwamaliza Lancaster, vitaje tu upite.

Pa kukaa muda mrefu ni hapa: mdogo kabisa, Richard, akataka kumuoa Anne, na George hakutaka kugawana. Hawa walikuwa kaka na mdogo, sasa wamekuwa pia waume wa dada wawili, wanagombea mashamba ya mkwe aliyekufa wakati mama mkwe yupo hai kabisa! Bunge likawagawia mali ya yule mama kana kwamba ameshazikwa. Kwetu huku mjane kunyang'anywa shamba na wakwe tunalijua vizuri, kwahiyo watu wakifika hapo huwa wananyamaza, usiwaharakishe.

Isabel akafa Desemba 1476. George akasema kapewa sumu, akatuma watu wamkamate mama mmoja mjane aliyekuwa mtumishi wa Isabel, Ankarette Twynyho, wakamtoa kwake wakampeleka mji wa Warwick, akahukumiwa na kunyongwa siku hiyohiyo, Aprili 1477. Naomba sana huyu mama umtaje kwa jina, hakuwa na ukoo wa kifalme wa kumtetea. Mfalme akaona mdogo wake anajifanya yeye ndo sheria, na tayari alishamkatalia kumuoa Mary wa Burgundy aliyekuwa tajiri kupita kiasi. Juni akamfunga.

Januari 1478 Bungeni mfalme mwenyewe ndo alisimama kumshtaki mdogo wake. George akauawa ndani ya Tower of London, ngome ya kifalme iliyokuwa pia gereza, tarehe 18 Februari, kimyakimya, ana miaka 28. Ile ya kuzamishwa kwenye pipa la mvinyo isimulie kama uvumi wa siku nyingi, usiape.

Kama msikilizaji ni wa Kalenga au ameshafika makumbusho ya pale, mkumbushe Mpangile ndugu yake Mkwawa, Wajerumani walimkalisha kwenye kiti Desemba 1896 wakamuua Februari 1897. Ataelewa haraka maana ya kuzaliwa karibu na kiti, ila mwambie tofauti, Mpangile aliuliwa na wageni.

Usikusanye maharage bado. George aliacha watoto wawili, weka ya njano madogo mawili. Wa kiume, naye jina lake Edward, alikatwa kichwa 1499, akiwa amefungwa tangu utotoni, na mfalme aliyemuua ni wa ukoo mwingine, Tudor. Dada yake Margaret akazeeka, akazaa, akaonekana kapona, mpaka Mei 1541 naye akauawa palepale Tower alipofia baba yake, ana miaka 67.