Somo: Kuchagua mtego wa paka shume usiomuumiza

Swali la mtego upi ufaao nimelijibu mara nyingi mno, sasa naliweka lote hapa. Nazungumzia mtego wa kumnasa paka akahasiwe na kuchanjwa, kisha arudishwe alipotoka.

1. Urefu sentimita 75 hadi 90. Ukiwa mfupi, mlango humwangukia mgongoni au mkiani.

2. Uwe na mlango wa nyuma wa kuvuta juu.

3. Waya. Hapa ndipo nilipokosea. Mtego wangu wa kwanza nilichomelewa Katwe, kwa mafundi wa chuma wa Kampala, nikakubali matundu mapana kwa sababu bei ilikuwa ya chini. Nikamnasa jike mmoja wa madoa. Alisukuma pua kwenye tundu mpaka ngozi ikachunika, na kucha mbili zikang'oka. Damu ile niliisafisha mwenyewe. Matundu yasizidi sentimita 2.5, na yakiwa nusu ya hapo ni bora zaidi. Pitisha kiganja ndani kote. Ncha ikikukwaruza, fundi aipige tupa kabla hujalipa. Kitanzi na mtego wa meno usivitumie kabisa.

4. Kibao cha kukanyaga kiwe karibu na nyuma. Kuujaribu, weka juu yake nusu kilo ya sukari: mlango ushuke. Kisha pindua mtego juu chini: mlango usifunguke.

5. Shuka la kuufunika wote. Akiwa gizani hutulia.

6. Chambo ni mukene, yaani dagaa. Mlishe humo siku kadhaa mlango ukiwa umeshikizwa kwa waya usishuke, halafu siku moja kabla ya kutega asile.

MASWALI (kwa mji wa muulizaji)

Jinja: Mtego wa panya mkubwa hautafaa?
— Hapana, ni mfupi. Rudi namba 1.

Mbarara: Nitege usiku, nije kuangalia asubuhi?
— Hapana. Kuna mvua, kuna mbwa, na jua likichomoza bati na waya vinapata moto. Kama huwezi kukaa karibu, usitege.

Mbarara: Lakini nina kazi, ndugu.
— Basi tega siku huna kazi.

Arua: Mwalimu, nikimnasa jike mwenye maziwa?
— Swali zuri, dada. Tazama chuchu kupitia waya: zikiwa zimevimba na manyoya pembeni yake yamepungua, ananyonyesha. Mwambie daktari wa mifugo mapema ili arudi siku hiyohiyo, wanawe wanamsubiri.

Arua: Na yule aliyeushtukia mtego, haingii tena?
— Tumia sanduku la waya lisilo na sakafu. Inua upande mmoja kwa kijiti, funga kamba kwenye kijiti, kaa mbali. Akiinamia chakula, vuta. Lifunike upesi, kisha mhamishie kwenye mtego kupitia ule mlango wa nyuma.

Jinja: Nimeona shume mwenye sikio lililokatwa ncha, alipigana?
— Ncha ikiwa imekatwa kwa mstari ulionyooka kabisa, huyo ameshahasiwa. Mwachie. Na akikuuma paka yeyote, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu nenda kituo cha afya siku ileile ukaulize chanjo ya kichaa cha mbwa.